Kadi Itakayokufaa Siku ya Shida: Namna ya Kuchagua Bima ya Afya kwa Ajili Yako na Familia Yako

Mazungumzo na wananchi, Songea, Mkoa wa Ruvuma

  

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya bima ya afya. Kabla sijataja sheria wala viwango, naomba niwaeleze jambo lililotupata nyumbani kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku mmoja wa mwezi wa Februari, baba yetu alipatwa na kiharusi. Kadi ya bima tulikuwa nayo. Kaka yangu aliitoa kabatini, ndani ya bahasha, tukaenda nayo hospitali. Mhudumu wa mapokezi aliingiza namba kwenye kompyuta, akatazama, kisha akaturudishia kadi kwa upole: muda wake ulikuwa umekwisha majuma matatu nyuma. Mhudumu yule hakutukosea. Sisi wenyewe tulikuwa tumesema tutalipa tukivuna, na mahindi yalikuwa bado mabichi shambani. Kesho yake kaka aliyauza yakiwa hukohuko shambani, kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Jambo ambalo wenzetu wa Mbinga, kwa upande wa kahawa, huliita magoma. Baba alipata nafuu, na tunamshukuru Mungu. Lakini mwaka ule, katika mkoa huu unaolisha mikoa mingine, nyumba yetu ilinunua unga.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba bei ya kadi peke yake haimwambii mtu kama amechagua vema. Kuna maswali manne ya kujiuliza kabla ya kulipa: kadi hii itamhudumia nani, itapokelewa wapi, italipia nini, na itakuwa hai lini? Mtu akiyajibu manne hayo, amekwisha kuchagua. Akiacha hata moja, amenunua matumaini tu.

Bima ni kuchangiana

Jambo lenyewe si geni kwetu. Katika mitaa yetu ya Lizaboni, Mfaranyaki, Bombambili na kwingineko, watu wana vikundi vya kufa na kuzikana. Kila mwanakikundi hutoa kidogo wakati hana msiba, ili anayefikwa na msiba asibaki peke yake. Bima ya afya ni kikundi cha namna hiyo, isipokuwa kikundi chake ni kikubwa na kanuni zake zimeandikwa katika mkataba.

Hapa nchini uchangiaji wa gharama katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996, Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulianza kwa majaribio katika Wilaya ya Igunga. Sheria iliyounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ilitungwa mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayoelekeza kila mkazi wa Tanzania Bara kuwa katika mpango wa bima ya afya. Kwa hiyo swali lililo mbele ya kila kaya leo limekwisha kuvuka hatua ya kujiunga au kutojiunga. Ni mpango upi unaoifaa kaya yenu.

Kuna funzo moja la karibu ambalo kila mnunuzi wa bima anapaswa kulijua. Mwaka 2016 NHIF ilianzisha Toto Afya Kadi, ambapo mzazi alimlipia mtoto wa chini ya miaka 18 shilingi 50,400 kwa mwaka. Ilikuwa nafuu kubwa kwa wazazi wengi. Lakini wazazi wengi walimsajili mtoto pale alipokwisha kuugua, na wale wenye watoto wazima wakakaa kando. Mfuko ukawa unalipa zaidi ya unachopokea, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ulisitishwa, watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule. Ni kama kikundi cha kuzikana ambacho watu hujiunga asubuhi ya msiba, hakiwezi kudumu. Ndiyo sababu mipango mingi hutaka kaya nzima ijiunge kwa pamoja, na ndiyo sababu mingine huweka kipindi cha kusubiri kabla ya baadhi ya huduma kutolewa. Masharti hayo yana sababu, na mnunuzi mwenye busara huyajua mapema.

Swali la kwanza: itamhudumia nani?

Anzeni kwa kuhesabu watu wa nyumba yenu. Chukueni karatasi, andikeni jina la kila mmoja, umri wake, na ugonjwa wa kudumu alio nao, kama upo. Msiwasahau wazee walioko kijijini ambao wakiugua ni ninyi mtakaopigiwa simu.

Kisha tazameni mlichonacho tayari. Mtumishi wa umma anayechangia NHIF hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 3. Mchango huo humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi 4, jumla watu 6. Mwalimu mwenye watoto watatu na wazazi wawili anaona mara moja kwamba mtu mmoja anabaki nje. Ni afadhali alijue hilo leo, akamtafutia huyo mmoja njia nyingine, kuliko kulijua dirishani. Wanaofanya kazi katika kampuni na taasisi binafsi nao wamwulize mwajiri: je, bima ya kazini inamfikia mke au mume na watoto, au inaishia kwa mfanyakazi? Na je, ajira ikikoma, bima inakoma siku hiyohiyo?

Zipo pia huduma ambazo sera ya nchi inazitoa kwa msamaha katika vituo vya umma: kwa wajawazito, kwa watoto wa chini ya miaka 5, na kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Dawa za kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo hutolewa bila malipo. Haki hizo ziulizieni na mzitumie. Lakini msizichukue kuwa badala ya bima ya nyumba nzima, kwa sababu mtoto atatimiza miaka 5, na baba wa miaka 40 anayeendesha bodaboda hayumo katika kundi lolote kati ya hayo.

Mwisho wa swali hili ni nyaraka. Kadi nyingi huchelewa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa ambacho hakikufuatiliwa, au jina lililoandikwa kwa namna moja kwenye kitambulisho cha Taifa na kwa namna nyingine kwenye cheti cha ndoa. Zirekebisheni wakati watu wote ni wazima. Mtoto akizaliwa, msajilini mapema. Asingoje homa ya kwanza.

Swali la pili: itapokelewa wapi?

Huduma za afya nchini zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, na hospitali ya taifa. Mgonjwa hupanda ngazi hizo kwa rufaa. Kadi zinatofautiana katika ngazi ambayo zinakomea, na hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa.

CHF ni mfano mzuri. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango uliotangazwa kwa mikoa kama wetu ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kwa kaya isiyozidi watu 6, na huduma zake zilianzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa malaria ya mtoto, nimonia au kujifungua, ngazi hizo zinatosha mara nyingi sana. Lakini mgonjwa wa saratani anayepelekwa Ocean Road, au wa moyo anayepelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, amevuka mpaka wa kadi hiyo. Aliyelijua hilo alipanga akiba kando. Asiyelijua alilijua akiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka nyumbani. Kwa kuwa sheria mpya imebadili utaratibu, ulizeni katika ofisi inayowasajili mchango na mwisho wa ngazi kwa mwaka mnaoulipia.

Kwa hiyo chukueni ile karatasi yenu na muandike vituo ambavyo familia yenu huvitumia kweli. Anayeishi Songea mjini ataandika kituo cha afya kilicho karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Anayeishi upande wa Peramiho atafikiria Hospitali ya Mtakatifu Yosefu. Mwenye mtoto anayesoma mkoa mwingine ataandika na kituo cha huko. Kisha mwulizeni mtoa bima: vituo hivi vina mkataba nanyi leo? Naomba orodha. Kituo kuwa jirani na nyumba yako si ushahidi kwamba kadi yako inapokelewa hapo.

Na orodha hiyo iulizeni tena kila mnapolipa upya. Mwezi Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kuwahudumia wanachama wake kwa kutokubaliana juu ya bei. Wenye kadi halali walijikuta wakitafuta kituo kingine. Familia yenye kituo cha pili katika karatasi yake haihangaiki sana siku ya namna hiyo.

Kumbukeni pia kwamba bima hulipia tiba. Nauli ya basi, chakula na malazi ya msindikizaji kwa kawaida hubaki juu yenu. Kwa mtu wa Ruvuma anayepewa rufaa kwenda Mbeya, Mtwara au Dar es Salaam, hiyo si fedha ndogo. Kaya iwe na kifungu chake kidogo cha safari ya rufaa, hata kama kadi yake ni nzuri.

Swali la tatu: italipia nini?

Kila mpango una kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa. Una pia orodha ya zisizolipiwa. Wauzaji huisoma ya kwanza kwa sauti. Ninyi ombeni ya pili na muisome polepole. Ulizeni juu ya kulazwa, upasuaji, kujifungua kwa upasuaji, meno, miwani, vipimo vikubwa, kusafisha damu kwa wenye matatizo ya figo, na dawa za magonjwa ya kudumu kama kisukari na shinikizo la damu. Ulizeni kama kuna sehemu ya gharama ambayo mgonjwa hulipa mwenyewe kila anapotibiwa.

Neno moja linahitaji uangalifu wa pekee: ukomo wa mafao. Maana yake ni kiasi cha juu ambacho mtoa bima atalipa kwa mwaka, au kwa huduma fulani. Acheni nitoe mfano, kwa tarakimu nilizozitunga ili hesabu iwe nyepesi. Mpango wa kwanza una ada ya shilingi 200,000 kwa mwaka, na ukomo wa kulazwa ni shilingi 1,000,000. Mpango wa pili una ada ya shilingi 320,000, na ukomo wake ni shilingi 5,000,000. Tofauti ya ada ni shilingi 120,000, sawa na 10,000 kwa mwezi. Sasa mtu wa nyumba yenu afanyiwe upasuaji na kulazwa kwa gharama ya shilingi 2,400,000. Mwenye mpango wa kwanza atatoa mfukoni 1,400,000 juu ya ada yake. Mwenye mpango wa pili hatatoa zaidi ya ada.

Je, mpango wa pili ndio bora kwa kila mtu? Hapana. Anayeshindwa kabisa kulipa ile 320,000 ataachwa bila kadi yoyote, na hilo ni baya zaidi. Lakini swali lililo sahihi ni hili: kati ya shilingi 10,000 kila mwezi na shilingi 1,400,000 kwa siku moja, nyumba yangu inaweza kubeba mzigo upi? Wengi wetu tunaweza kubeba ule mdogo wa kila mwezi. Ule mkubwa ndio unaouza shamba.

Na mnapojaza fomu, semeni kweli. Mkataba wa bima unajengwa juu ya uaminifu. Aliyeficha kisukari ili apate ada nafuu amempa mtoa bima sababu ya kukataa kumlipia siku atakapohitaji. Andikeni ugonjwa ulivyo, kisha muulize kwa maandishi: huu utalipiwa, na tangu lini?

Swali la nne: itakuwa hai lini?

Kadi ina siku ya kuanza na siku ya kukoma. Kati ya siku ya kulipa na siku ya kuanza kutumika panaweza kuwa na kipindi cha kusubiri, na kwa huduma kama za uzazi kipindi hicho kinaweza kuwa kirefu zaidi. Anayetarajia mtoto asingoje tumbo lionekane ndipo aulize.

Sasa nawageukia wakulima, ambao ni wengi wetu. Mshahara huja kila mwezi, lakini mahindi yana msimu. Fedha ya nyumba nyingi za Ruvuma huonekana baada ya mavuno, kati ya Juni na Septemba, na kufikia Januari na Februari imekwisha. Kama kadi yenu inakoma Januari, mtailipia wakati mfuko mtupu, au hamtailipia kabisa, kama ilivyotupata sisi. Panga malipo yako ya mwaka yaangukie wakati wa mauzo. Toa fedha ya bima siku ileile unayopokea fedha ya mahindi, kahawa, tumbaku au korosho, kabla haijagawanywa kwa mambo mengine. Wenye vikoba wanaweza kufungua mfuko mdogo wa bima ndani ya kikundi, kila mmoja akaweka kidogo kila wiki. Na tarehe ya kukoma iandikwe kwa maandishi makubwa ukutani, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne ataisoma na kuwakumbusha.

Kabla ya kutoa fedha, na baada yake

Yeyote anayeuza bima, awe kampuni, wakala au dalali, lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Mwombeni kitambulisho na jina la kampuni anayoiwakilisha, kisha mthibitishe kwa Mamlaka. Msitume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Kwa mifuko ya umma, lipeni kwa namba ya malipo ya Serikali mliyopewa. Dai risiti. Dai mkataba, na kama umeandikwa kwa lugha usiyoielewa, omba uelezwe kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu kabla ya kutia sahihi. Muuzaji anayekuharakisha anakupa sababu ya kwenda polepole.

Mkishapata kadi, msimwazime ndugu wala jirani. Huruma yenu itaonekana kuwa udanganyifu, na kadi ya nyumba nzima inaweza kufungiwa. Mkitibiwa, someni fomu kabla ya kutia sahihi. Isiwe imeandikwa vipimo ambavyo hamkupimwa. Fedha hiyo ni ya wote.

Na mkikataliwa huduma au madai? Andikeni tarehe, mahali, jina la kituo na sababu mliyopewa. Kwa mfuko wa umma, anzieni ofisi ya Mfuko ya mkoa. Kwa kampuni binafsi, pelekeni malalamiko kwa maandishi kwenye kampuni yenyewe. Msiporidhika, yafikisheni TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye aliwekwa kisheria ili mwananchi asilazimike kukimbilia mahakamani. Barua fupi yenye tarehe na nakala ya risiti hufika mbali kuliko malalamiko marefu yasiyo na karatasi.

Ndugu zangu, nimesema mengi. Naomba mrudi nyumbani na machache. Jioni ya leo, baada ya chakula, kaeni pamoja, baba, mama na watoto wakubwa. Andikeni maneno manne: nani, wapi, nini, lini. Mbele ya kila neno andikeni jibu la nyumba yenu. Pale mtakapokosa jibu, hapo ndipo pa kwenda kuuliza kesho asubuhi. Kama tayari mnayo kadi, itoeni kwenye bahasha mwangalie tarehe yake. Ni kazi ya dakika moja. Sisi hatukuifanya, na tuliilipia kwa mahindi ya mwaka mzima.